Vespa ya Maalim: imenoki mara tatu, lawama zote akabeba silinda mpya

Maalim alifika karakanani na pistoni mbili amezifunga kwenye leso. Ya tatu ilikuwa bado imo ndani ya Vespa, imeng'ang'ania kwenye silinda, ndiyo kunoki kwenyewe, na Vespa yenyewe ilisukumwa na wajukuu wawili kutoka Kikwajuni, hapa Unguja mjini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa huyu, na haya ndiyo meno aliyokwishang'olewa."

Akazipanga pistoni juu ya benchi, moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akipanga chaki alipotusomesha hesabu. Majibu yote yalikuwa pale mezani, lakini ilinichukua siku nne kuyasoma. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani ya miezi sita mafundi watatu tuliishika injini hiyo hiyo, na kila mmoja alifanya jambo lenye maana kwake, na kila mara injini ikarudi na kufa mapema zaidi.

Chombo chenyewe

Ni Vespa PX150E aliyoinunua mkononi mwa mtu zamani, akaendea skuli nayo mpaka akastaafu. Piaggio wa Pontedera, Italia, walianza kuuza Vespa mwaka 1946. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hakuzipenda: mnyororo unachafua nguo, tairi likipasuka ni kazi kulivua. Ndiyo maana Vespa haina mnyororo. Injini, gia na gurudumu la nyuma vimeungana kitu kimoja, na gurudumu linafunguliwa kwa nati kama la gari. Injini imewekwa upande wa kulia, imefichwa ndani ya bodi, haipati upepo wa njiani, kwa hiyo flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, imepewa mapanga ya feni ya kuipulizia silinda. Hiyo flaiwili tutairudia, maana ugonjwa ulijificha nyuma yake.

PX walizianza 1977. Silinda ya 150 ina kipenyo cha milimita 57.8 na mwendo wa pistoni milimita 57. Kijana wa Maalim anayeishi Italia alimletea zawadi: silinda ya chuma cha kumimina yenye kipenyo cha milimita 63. Mwendo unabaki ule ule, cc zinapanda kutoka karibu 150 mpaka 177, na uzuri wake ni kwamba inakaa bila kuchonga kesi ya injini. Ni ongezeko la asilimia 19 hivi. Maalim hakutaka mbio. Alitaka kupanda na Bi Mkubwa wake na kikapu cha mihogo kutoka shamba bila ya kurudi gia ya pili kila kilima.

Imenoki wapi na wapi

Mara ya kwanza ilikuwa wiki mbili baada ya kufungwa silinda mpya, njiani kuelekea Mahonda. Aliyeifunga alisema imekimbizwa kabla haijazoea. Akaivua silinda, akaipiga msasa, akabadilisha pistoni na ringi, akairudisha.

Mara ya pili injini ilikamata kwenye mteremko. Maalim alikuwa ametoka mwendo mrefu, akaachia mafuta ili ateremke kwa uzito wake, na gurudumu la nyuma likaburuta. Alikamata klachi kwa bahati. Hapo akaenda kwa fundi wa pili, mzee wa zamani mwenye jina, ambaye alifanya mambo mawili: akaongeza jeti kuu ya kabureta, tundu linalopitisha petroli, kutoka namba 100 mpaka 102, na akamwambia Maalim aweke oili mara mbili, asilimia 4 badala ya 2. Pistoni ikawekwa ya ovasaizi, kubwa kidogo kuliko ya kwanza, silinda ikachongwa.

Mara ya tatu haikufika hata Bububu, hapo karibu tu na mji.

Nasimama kidogo kwenye ile oili, kwa sababu ushauri ule nausikia kila wiki. Injini ya toustroki, kama hii ya Vespa, haina sampu, lile bakuli la oili la chini. Oili yake inasafiri ndani ya petroli. Vespa za mwanzo zilitaka asilimia 5, kwa hiyo wazee walioanza kazi na zile wana sababu ya kupenda oili nyingi. PX inataka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita. Sasa fikiria tundu la jeti. Ukubwa wake hauongezeki kwa kuwa umeongeza oili. Katika kila lita inayopita pale, mililita 980 zilikuwa petroli. Ukienda asilimia 4 zinabaki 960. Umepunguza petroli, hewa ni ile ile. Injini iliyokuwa inalia kwa ukame umeizidishia ukame, hata kama ni kidogo, na moshi mzito wa nyuma unakudanganya kwamba imeshiba.

Maswali kabla ya spana

Nakiri kwamba na mimi nilikwishapata jibu kichwani kabla Maalim hajakaa. Silinda kubwa, jeti ndogo, basi. Lau angenijia siku yenye wateja wengi ningebadilisha jeti na yeye angenoki mara ya nne. Kilichoniokoa ni kwamba umeme ulikatika, kompresa ikanyamaza, tukabaki kunywa chai.

Nikamuuliza habari ya silensa, yaani mngurumo wa injini mkono ukiwa umeachia mafuta: "Maalim, ukisimama kwenye taa, ukaachia mafuta, silensa inashuka papo hapo?"

"Aa, hiyo ina tabia yake. Inapanda kwanza, inalia, halafu baadaye inatulia. Nimeshaizoea."

"Tangu silinda hii mpya?"

Akafikiri. "La. Kabla yake. Kama mwaka mmoja hivi. Siku moja nilizima ufunguo ikakataa kuzimika, nikafunga mafuta chini ya kiti ndiyo ikafa."

Chai ikawa tamu ghafla. Nikamuuliza kuhusu choki. Akasema asubuhi anaivuta kama kila mtu, lakini siku hizi anaiacha nusu nje mpaka afike sokoni, kwa sababu ikiwa nusu "inakwenda kwa raha zaidi." Choki inaongeza petroli. Injini iliyopata moto halafu bado inaitaka choki inakwambia kwa ulimi wake kwamba hewa imezidi. Na silensa inayopanda yenyewe hali mkono umeachia inasema jambo la pili: hewa hiyo haipiti kwenye kabureta, maana mlango wa kabureta umeshafungwa. Ina njia nyingine.

Ndipo nikajua kwamba silinda ya 177 ilifungwa juu ya injini iliyokuwa mgonjwa mwaka mzima. Ile ya 150 ilivumilia kwa sababu ilikuwa na moto mdogo. Ilipoongezwa mzigo, ugonjwa ukapata nguvu ya kuua.

Kwa wasiozoea toustroki nieleze, maana bila hili mengine hayaeleweki. Kwenye injini ya gari, chini ya pistoni kuna oili tu. Kwenye Vespa, chini ya pistoni ni pampu. Pistoni ikipanda, tumbo la krenki, chumba cha mhimili unaozungushwa na pistoni, linavuta mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kabureta. Ikishuka, linaubana na kuusukuma juu kupitia milango ya pembeni. Tumbo hilo lazima lizibe kama mtungi. Kila mwisho wa krenki una sili ya mpira: moja upande wa klachi, moja upande wa flaiwili. Sili ya klachi ikichoka, tumbo linavuta oili ya gia. Utaona moshi mweupe na oili ya gia inapotea bila kumwagika. Sili ya flaiwili ikichoka, tumbo linavuta hewa tupu. Hakuna moshi, hakuna tone sakafuni. Injini inakuwa nyepesi, inakimbia vizuri hata, mpaka siku inapokamata.

Pistoni zilivyosema

Nikazirudia zile pistoni kwa jicho jipya. Ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake, mirefu, inaanzia juu ya ringi. Pistoni iliyobanwa na silinda ndogo huchubuka pembe zote. Hii ilichubuka pale penye joto kubwa. Ya pili vile vile. Ya tatu, baada ya kuing'oa kwa gogo la mninga na maneno mawili matatu yasiyofaa mbele ya Maalim, ilikuwa na alama hizo pamoja na kichwa kilichong'aa kama kijiko kipya. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa. Kwenye injini inayokula sawasawa plagi hutoka rangi ya mdalasini.

Nikamwaga oili ya gia. PX inachukua mililita 250. Ilitoka karibu yote, haikunuka petroli. Dalili nzuri kwa sili ya klachi, ambayo ndiyo niliyokuwa naiogopa, kwa sababu ile haibadilishwi mpaka injini ishushwe na kesi ipasuliwe katikati. Sili ya flaiwili inatolewa kwa nje.

Kifuniko cha feni kilipotoka nikakuta mapanga mawili ya flaiwili yamevunjika. Kuna mtu aliitoa kwa bisibisi na nyundo. Flaiwili ya PX ina nyuzi zake katikati, 28 kwa 1, kwa ajili ya pula ya kuitolea. Pula yenyewe ni kipande cha chuma kisichozidi ngumi ya mtoto. Asiyekuwa nayo aazime, au aiache Vespa ya watu.

Nyuma ya flaiwili, sahani ya koili za umeme ilikuwa imelowa. Vumbi limegandamana na oili, rangi ya kahawia, limetawanyika kama miale kuanzia katikati ya krenki. Tumbo likibana lilikuwa linatema mchanganyiko nje kupitia sili. Likivuta, linaingiza hewa kwa njia hiyo hiyo. Mafundi wawili waliiona silinda mara tatu lakini hakuna aliyekuja upande huu. Siwacheki. Silinda ilikuwa mpya, imetoka Ulaya, ina cc nyingi. Mshukiwa alikuwa amesimama katikati ya chumba.

Kipima presha cha Bi Mkubwa

Kuona uchafu si ushahidi. Nilitaka kuliona tumbo likivuja kwa namba, kwa sababu nilihitaji pia kujua kama pana tundu jingine. Geji za kupimia upepo wa tairi hazifai hapa: zinaanzia juu mno, sindano haitikisiki. Kinachofaa ni kipima presha ya damu, kile cha saa na mpira wa kuminya. Kinasoma mpaka milimita 300 za zebaki, na hiyo ni sawa na baa 0.4, shinikizo ambalo sili inalibeba bila kuumia. Maalim akasema mkewe anacho, wa presha. Kikaja mchana huo huo ndani ya mkoba wake wa ushungi.

Tulirudisha silinda na pistoni ile ya tatu, nikiwa nimeisugua ipite tu. Plagi ya zamani niliivunja ubongo wake wa udongo, nikabakiza chuma, nikachomea humo mdomo wa tyubu ya baiskeli. Mdomo wa ekzosi nikauziba kwa kipande cha tyubu na bati lililofungwa na nati zake. Kabureta nikaitoa lakini kasha lake nikaliacha mahali pake, na juu ya kasha nikaweka bati jingine na mpira. Pistoni inashushwa mpaka chini kabisa, ili milango ya pembeni ibaki wazi na upepo unaoingia kwenye tundu la plagi ufike tumboni.

Mjukuu akaminya. Sindano ikapanda mpaka 300, ikashuka sifuri kabla sijamaliza kuhesabu nne. Povu la sabuni kwenye sili ya flaiwili likachemka kama uji.

Kabla ya kufurahi nilifungua tundu la kujazia oili ya gia na kulipaka utando wa sabuni. Sili ya klachi ikiwa inavuja, upepo wa tumboni hupita kwenye gia na ule utando huvimba. Haukuvimba. Nikashika krenki kwa mikono miwili, nikaitikisa juu na chini: haina mchezo. Hili ni muhimu kuliko sili yenyewe, kwa kuwa beringi iliyolegea inaiacha krenki icheze na sili mpya inaliwa ndani ya mwezi. Kama ingekuwa na mchezo ningemwambia Maalim tushushe injini yote, na mfuko wake ungelia.

Sili niliyoiua mwenyewe

Sili ya zamani ilitoka kwa vipande. Mdomo wake ulikuwa mgumu kama kwato, na ile springi ndogo ya duara inayoubana mdomo kwenye krenki ilikuwa imekatika kwa kutu. Vespa ilikaa bila kuwashwa miezi kadhaa Maalim alipokuwa akiuguza, na upepo wetu wa bahari haumsubiri mtu. Krenki nayo ilikuwa na mfereji mwembamba wa kutu pale mdomo unapokaa. Nikausugua kwa msasa laini wenye oili, kuzunguka, si kwenda mbele na nyuma.

Nilikuwa na sili moja mpya. Nikaipaka grisi, nikaipitisha juu ya krenki, nikaigonga mpaka ikakaa. Tukaminya presha. Sindano ikaanguka vile vile.

Maalim hakusema kitu. Aliniangalia kama alivyokuwa akimwangalia mtoto aliyesahau kubeba moja.

Krenki upande huu ina mchongo wa kukalia ufunguo wa flaiwili, na kingo za mchongo huo ni kali kama wembe. Nilipitisha mdomo wa sili juu yake bila kuufunika. Ukakatika nusu milimita, hauonekani mpaka uukunje. Najua kanuni hii miaka yote: funga utepe wa plastiki juu ya mchongo, pitisha sili, vua utepe. Siku hiyo sikufanya. Sili ya pili ilinichukua siku moja na nusu kuipata, nikailipia mimi. Hiyo niliifunika utepe, na sikuigonga mpaka mwisho wa shimo. Niliiacha nje kidogo, chini ya milimita moja, ili mdomo wake ukae juu ya chuma kizima badala ya ule mfereji.

Sasa sindano ikashuka polepole, nusu kwa dakika moja. Bora sana, lakini bado. Povu likatuonyesha tundu la pili: chini ya kasha la kabureta. Kasha lile limeshikwa na boliti, na watu huzikaza kwa hasira mpaka uso wa chini unapinda. Nikatandika msasa juu ya kioo cha dirisha, nikalisugua kasha mpaka uso wote ukawa na rangi moja, nikaweka gasketi mpya. Kutoka 300, baada ya dakika tatu sindano ilisoma 285. Hapo nikamwambia mjukuu apumzishe mkono.

Jeti na taiming

Baada ya tumbo kuziba ndipo jeti inapokuwa na maana. Namba ya jeti ya Dell'Orto ni kipenyo cha tundu kwa mia ya milimita: 100 ni milimita moja kamili. Kinachopitisha petroli ni eneo, si kipenyo, kwa hiyo kutoka 100 kwenda 102 ni ongezeko la asilimia 4 tu. Maalim alilikokotoa kabla yangu, kwa kalamu, juu ya boksi la gasketi. Injini imeongezwa asilimia 19, tundu la chakula chake asilimia 4. Ukienda 108 unapata karibu asilimia 17. Kabureta haifuati hesabu hizi neno kwa neno, maana kasi ya hewa nayo inabadilika, lakini zinakwambia uanzie kijiji gani. Mimi huanzia juu na kushuka. Ukizidisha petroli, injini inaguguma na plagi inakuwa nyeusi, hasara yake ni petroli. Ukipunguza, hasara ni pistoni.

Taiming, yaani wakati wa cheche, nilikwenda kuikagua kwa kutimiza wajibu tu, na ikanishangaza. PX150 yenye moto wa elektroniki inataka cheche ije digrii 18 kabla pistoni haijafika juu. Niliikuta kwenye 23. Digrii 23 ni za PX200, ambayo ni injini nyingine. Ama kuna aliyesoma ukurasa usio wake, ama sahani ya koili iliteleza wakati flaiwili inang'olewa kwa nyundo. Kwa kipimo cha pistoni, ni kuwasha ikiwa bado milimita karibu 2.9 kufika juu, badala ya karibu 1.8. Moto wa mapema unaibana pistoni inayopanda na kuongeza joto pale pale palipokwisha kuungua. Kwenye silinda ya zamani huenda asingelijua. Kwenye 177 inayovuta hewa, kila kosa lilimshika mwenzake mkono.

Ukinilazimisha kuzipanga lawama, sili naiweka mbele kabisa, jeti ya pili, taiming ya tatu, na zile boliti za kasha mwisho. Jeti ndogo peke yake ingemfanya Maalim alalamike kwamba zawadi ya mwanawe haina nguvu. Isingemkamatia gurudumu kwenye mteremko. Pale mteremkoni aliachia mafuta, oili ikakatika pamoja na petroli, na kilichoingia tumboni kwa wingi ni hewa ya kwenye sili, kavu.

Silinda yenyewe, mshitakiwa, ilikuwa salama kuliko nilivyodhani. Aluminiamu ya pistoni ilikuwa imeganda kwenye ukuta wake upande wa ekzosi. Kostiki inayotengenezewa sabuni inaila aluminiamu na chuma inakiacha. Unaipaka kwa kijiti, umevaa glavu, nje penye upepo, unaifuta, unarudia. Ikabaki mikwaruzo ya kutolewa na mashine. Tuliipeleka ikachongwa kwa ovasaizi ya pili, kwa nafasi waliyoandika wenyewe watengenezaji, na mwanawe akatuma pistoni yake. Ringi niliziingiza tupu kwenye silinda kwanza nikapima mwanya kabla ya kuzivisha.

Pamoja na pistoni alituma na kinyota cha klachi chenye jino moja zaidi, ili mwendo uwe mrefu. Nilikataa kukifunga. Maalim akadhani nataka kukiuza.

"Maalim, ukibadilisha mawili kwa siku moja, likitokea jambo utamuuliza nani?"

Akacheka, akakitia mfukoni. Nilichofanya badala yake, na hakunituma, ni viatu vya breki mbele na nyuma na waya wa breki ya mbele. Breki za PX ile ni za ngoma, na zake zilikuwa zimevaa kioo. Watu wanaleta silinda kutoka nje halafu wanasimamia sandali.

Kuwasha

Iliwaka kiki ya tatu, na choki. Baada ya dakika moja choki ikarudishwa ndani na injini haikuitaka tena. Nikavuta mafuta, nikaachia: silensa ikaanguka kama kapu lililokatika kamba, ikatulia. Maalim alinitaka nirudie. Nikarudia mara nne, kwa raha zangu mwenyewe pia.

Jeti tulianza na 112, ikaguguma kila ukivuta moja kwa moja. 110 nzuri kwenye gia ya tatu, nzito kwenye ya nne. Tukabaki na 108, tukairudisha oili asilimia 2. Kila kituo nilifanya kipimo kile kile: kilomita mbili kwa mafuta wazi, kukamata klachi na kuzima hapo hapo, kutoa plagi, kutazama. Ukiiacha injini iungurume kabla ya kuizima, plagi inakusimulia habari za silensa, si za mwendo. Ya 108 ilitoka mdalasini, na pete nyembamba nyeusi ukingoni.

Flaiwili yenye mapanga pungufu nimeiacha. Nimemwonyesha Maalim, nimemwambia iko nje ya mizani kidogo na beringi italipa mbele ya safari, na nikipata nzima kwa bei ya haki nitamwita. Anajua.

Alirudi baada ya kilomita 500, Ijumaa baada ya sala, Bi Mkubwa amepanda nyuma ubavu ubavu. Nikafungua plagi, nikatazama, nikairudisha. Nikashika skrubu ya silensa nikaiacha ilivyo. Nikamuuliza kama kuna lolote.

"Lipo," akasema Bi Mkubwa. "Kile kipima presha changu kinanuka petroli. Na daktari amenambia nipime kila asubuhi."